Majira ya Baridi ni Kazi ya Maji

Mtu wa Afrika Mashariki akisikia kwamba ndugu yake amehamia Chicago na mwenza wake, swali lake la kwanza huwa ni la baridi: kunashuka hadi nyuzi ngapi, watu hulalaje, makoti hununuliwa wapi. Swali hilo lina haki yake. Tarehe 20 Januari 1985 vipimo vya mji huo vilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Tarehe 30 Januari 2019 vilikaribia hapo tena, nyuzi 31 chini ya sifuri. Posta ikasimamisha kupeleka barua, na kampuni ya treni za abiria ikawasha moto wa gesi kwenye makutano ya reli ili vyuma vinavyogeuza njia visigande. Lakini ukiangalia kwa makini kazi ambazo mke na mume hufanya kwa mikono yao katika nyumba ya kawaida ya Chicago, kuanzia Oktoba hadi Machi, utaona kwamba chache sana zinahusu baridi yenyewe. Joto huletwa na mtambo. Kinachobaki kwa wenye nyumba ni maji: maji yanayoganda ndani ya bomba, maji yanayotiririka kwenye vioo vya madirisha, maji yanayopenya chini ya paa, maji yenye chumvi yanayoingia na viatu. Nyumba ya mjini huharibiwa na maji kuliko baridi, na watu wawili wanaoishi humo wakilielewa jambo hili mapema, majira yote hubadilika sura.

Tuanze na nyumba zenyewe. Chicago ni mji wa matofali. Mitaa yake ya kusini, magharibi na kaskazini imejaa nyumba za ghorofa mbili ambazo wenyeji huziita tu-flati, familia moja chini na nyingine juu, mara nyingi mwenye nyumba akiishi chini na mpangaji juu. Kuna pia zile bangaloo za matofali zilizojengwa takriban kati ya 1910 na 1940, zipatazo 80,000, ambazo zimeuzunguka mji kama mkanda. Nyumba hizi ni imara, lakini nyingi zilijengwa kabla watu hawajazoea kujaza sufi ya kuzuia joto ndani ya kuta na juu ya dari. Wastani wa joto la Januari ni karibu nyuzi 4 chini ya sifuri, na theluji ya msimu mzima hukaribia mita moja ikijumlishwa. Mwishoni mwa Desemba jua huzama saa kumi na dakika ishirini na ushei, kabla watu wengi hawajatoka kazini. Katika mtaa wa Rogers Park, kaskazini kabisa ya mji, ambako zimo familia zilizotoka Kongo na nchi jirani, Kiswahili husikika katika baadhi ya nyumba hizi, kwa hiyo mambo haya ni ya wasomaji wetu pia.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye mabomba. Watu wengi huamini kwamba bomba hupasuka kwa sababu barafu hutanuka na kuvunja chuma pale pale ilipogandia. Ni kweli kwamba maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, kilicho katika jimbo lile lile la Chicago, walilichunguza jambo hili miaka ya 1990 wakaona kwamba mambo hayaendi hivyo. Barafu inapokua ndani ya bomba huyasukuma maji yaliyobaki kuelekea koki iliyofungwa. Maji yale hayana pa kwenda, shinikizo lake hupanda sana, na bomba hupasuka mahali penye maji, penye joto hata, pengine mbali na barafu. Hiyo ndiyo sababu ya ile desturi ya kuiacha koki idondoke matone usiku wa baridi kali. Wengi hudhani matone hayo husaidia kwa kuwa maji yanayotembea hayagandi, na msaada huo upo kidogo, lakini kazi yake kubwa ni kutoa shinikizo. Hata bomba likiganda, maji yaliyobanwa hupata mlango. Watafiti hao walitaja nyuzi 7 chini ya sifuri nje kuwa mahali pa kuanza kuwa na hadhari kwa mabomba yasiyofunikwa vizuri, na Chicago hupita hapo mara nyingi kila mwaka.

Kazi inayotokana na elimu hiyo ni ndogo na haina gharama. Milango ya kabati chini ya sinki la jikoni hufunguliwa usiku ikiwa sinki limepakana na ukuta wa nje, ili joto la chumba lifike kwenye bomba. Mpira wa kumwagilia maji uani hutolewa kwenye koki ya nje mwezi wa Oktoba. Hapa pana kosa ambalo huwapata hata watu waliozaliwa huko: koki za kisasa za nje zimetengenezwa ili maji yajitoe yenyewe zikifungwa, lakini mpira ukiachwa umefungwa pale, maji hubaki ndani, huganda, na bomba lililo ndani ya ukuta hupasuka. Hakuna anayejua mpaka Aprili, siku koki inapofunguliwa kwa mara ya kwanza na sebule ya chini ikaanza kujaa maji. Zaidi ya yote, wote wawili wanapaswa kujua valvu kuu ya maji ya nyumba iko wapi, na kuwa wamewahi kuifunga kwa mkono. Katika nyumba nyingi elimu hiyo anayo mmoja tu, na bomba halichagui kupasuka akiwa nyumbani.

Jimbo la Texas lilitoa ushahidi mzito zaidi Februari 2021. Mjini Dallas vipimo vilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri, baridi ambayo Chicago huipata bila magazeti kushtuka. Umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu, nyumba zikapoa, na mabomba ambayo huko hupitishwa darini au kwenye kuta za nje bila kufunikwa yakapasuka kila upande. Dari zilianguka kwenye vitanda. Watu wakachota theluji wakaiyeyusha ili wapate maji ya chooni. Baridi ile ile, au kali kuliko hiyo, huipitia Chicago na nyumba zikabaki salama, kwa sababu huko mabomba ya kuingiza maji yamezikwa chini sana ya ardhi, na ndani ya nyumba huelekezwa mbali na kuta za nje. Baridi ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni njia ambayo maji yalipewa kupita.

Jambo la pili ni gumu kuliko la kwanza, na nadhani ndilo linalowachanganya zaidi wageni kutoka nchi za joto. Katikati ya Januari hewa ya ndani huwa kavu mno. Midomo hupasuka, pua hutoka damu, sweta likivuliwa hutoa cheche. Wakati huo huo madirisha hutiririsha maji, na kwenye kona ya chumba cha kulala, nyuma ya kabati la nguo, huota ukungu mweusi. Inawezekanaje nyumba moja iwe kavu na majimaji kwa pamoja? Jibu limo katika uwezo wa hewa kubeba mvuke. Hewa yenye nyuzi 20 huweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri hubeba gramu 2 na ushei tu. Hewa hiyo ya nje ikiingia kupitia nyufa na kupashwa joto hadi nyuzi 20, unyevu wake huwa chini ya asilimia 15, na ndiyo maana ngozi hulalamika. Lakini kila kinachofanyika ndani huongeza mvuke: kupumua, kuoga, kuanika nguo, kuchemsha maharage kwa saa tatu. Hata jiko la gesi lenyewe huzaa maji, kwa maana kila mita moja ya ujazo ya gesi asilia ikiungua hutoa takriban lita moja na nusu ya maji kwa umbo la mvuke. Mvuke huo ukikutana na kitu baridi hugeuka kuwa maji, kama ilivyo kwa chupa ya soda iliyotoka kwenye friji katika joto la Dar es Salaam.

Mahesabu yake yanaeleweka. Chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50 huanza kutoa umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 9 au chini yake. Unyevu ukipunguzwa hadi asilimia 30, umande hungoja mpaka kitu kishuke hadi karibu nyuzi 2. Usiku wa nyuzi 10 chini ya sifuri, dirisha la kioo kimoja hushuka chini ya sifuri upande wa ndani, na maji yake huganda kabisa. Dirisha la vioo viwili hubaki katika nyuzi 9 hivi. Kona ya ukuta iliyozibwa na kabati hubaki baridi kwa sababu joto la chumba halifiki, na ukungu hauhitaji zaidi ya hapo. Kipimo kidogo cha unyevu, kisichozidi bei ya chakula cha mchana cha mtu mmoja, humaliza ubishi wote. Kikionyesha zaidi ya 40 usiku wa baridi kali, feni ya jikoni na ya bafuni iwashwe, sufuria zifunikwe, nguo zisianikwe chumba cha kulala, kabati lisogezwe kutoka ukutani. Kikishuka chini ya 25, kuwekwe mashine ya kuongeza unyevu, lakini karibu na kitanda na kwa kiasi. Baadhi ya watu huwasha mashine hiyo mchana kutwa kwa kuwa pua zinauma, kisha wakashangaa rangi ya ukuta inabanduka.

Mtu aliyekulia Mombasa, Unguja au Tanga anao ujuzi ambao haufikirii kuwa ujuzi. Anajua nguo zinavyoota ukungu kabatini wakati wa masika, anajua kitabu kikikaa kimefungwa kinanuka, anajua ukuta unavyotoa chumvi. Tofauti ni upande unakotoka unyevu. Pwani, unyevu hutoka nje ukaingia ndani, na dawa yake ni upepo upitao kutoka dirisha hadi dirisha. Chicago, wakati wa baridi, unyevu huzaliwa ndani na hutafuta njia ya kutoka, na kila unapokutana na kitu baridi njiani, huacha maji. Kufungua dirisha dakika chache baada ya kuoga, jambo ambalo wageni huliogopa kwa kuhofia joto kupotea, humwaga mvuke mwingi na kupoteza joto dogo, maana joto kubwa la nyumba limehifadhiwa kwenye kuta na vyombo, si kwenye hewa. Na ile desturi ya kuvua viatu mlangoni, ambayo Waswahili hawakufundishwa na theluji, ni moja ya kinga bora za sakafu ya mbao dhidi ya maji ya chumvi.

Paa ndipo mahali ambapo mtu anayepigana na baridi badala ya maji huweza kujiumiza mwenyewe. Joto la nyumba likipenya darini, huyeyusha theluji iliyo juu ya paa kutokea chini. Maji huteremka mpaka kwenye ukingo wa paa, ambao hauna chumba chini yake na kwa hiyo ni baridi, na hapo huganda tena. Siku baada ya siku huinuka ukuta wa barafu, na maji yanayofuata yakikosa pa kupita hurudi nyuma, hupenya chini ya vigae na kudondokea chumbani. Vile vijiti virefu vya barafu vinavyoning'inia kwenye michirizi ya paa, ambavyo watu huvipiga picha kwa uzuri wake, ni dalili ya ugonjwa huo. Ukiongeza joto ndani, barafu huongezeka. Tiba ni kuziba matundu yanayopitisha hewa ya joto darini, kuongeza sufi juu ya dari na kuacha hewa baridi ya nje ipite chini ya paa, yaani paa lifanywe liwe baridi. Ajabu hii ya kuokoa nyumba kwa kulipoza paa lake haieleweki kwa mtu anayedhani adui ni baridi.

Matofali nayo yana habari hiyo hiyo. Tofali la zamani la Chicago ni laini na hunywa maji. Likikaa limeganda wiki nzima halipati madhara makubwa. Madhara huja pale maji yaliyo ndani yake yanapoganda usiku, yakayeyuka mchana, yakaganda tena, na uso wa tofali ukaanza kubanduka vipande. Kwa hiyo siku za Machi, joto likicheza juu na chini ya sifuri, zinaweza kuutesa ukuta kuliko wiki kali ya Januari. Mafundi wenye haraka hujaza saruji ngumu kati ya matofali haya. Saruji hiyo huzuia maji kutoka kwenye viungo, yakabaki ndani ya tofali, na tofali ndilo linalopasuka. Kinachofaa kujaza hapo ni udongo wa chokaa, ambao ni laini kuliko tofali, hupumua, na huchakaa wenyewe kabla ya ukuta.

Nje ya mlango, sheria imeingilia. Chicago humtaka mwenye eneo kuondoa theluji kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele yake, kwa upana wa futi 5, yaani mita moja na nusu. Theluji iliyoanguka kati ya saa moja asubuhi na saa moja jioni iwe imeondolewa kufikia saa nne usiku, na iliyoanguka usiku iwe imeondolewa kufikia saa nne asubuhi, siku zote za wiki. Watu hulalamikia sheria hii, nami naiona ni ya haki: mama mwenye gari la mtoto, mzee mwenye fimbo na mtu wa kiti cha magurudumu hawana njia nyingine. Theluji iliyokanyagwa hugeuka barafu, na barafu hiyo haiondoki tena kwa beleshi. Chumvi ya kawaida hupoteza nguvu zake kadiri vipimo vinavyokaribia nyuzi 9 chini ya sifuri, kwa hiyo kuimwaga usiku wa nyuzi 15 chini ya sifuri ni kuitupa. Chumvi ya kalsiamu hufanya kazi kwenye baridi kali zaidi lakini ni ghali. Zote mbili hula zege na chuma, na mwishowe huishia mitoni. Beleshi mapema, chumvi kidogo, ndiyo njia. Na kwa anayedhani kwamba theluji ni jambo dogo la uani, akumbuke Januari 1979, dhoruba ilipoukamata mji na magari ya kuisafisha yakashindwa. Mwezi uliofuata meya Michael Bilandic alishindwa na Jane Byrne katika uchaguzi wa chama chao.

Pingamizi kubwa kwa hoja hii linastahili kusikilizwa. Baridi huua. Katika balaa lile la Texas wizara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246, na sehemu kubwa ilitokana na miili kupoteza joto. Huwezi kumwambia mtu anayetetemeka kwamba adui yake ni umande wa dirishani. Nakubali bila kusita: joto ndilo la kwanza, na nyumba isiyo na joto si nyumba wakati wa baridi. Lakini tuangalie joto hilo linavyokatika. Mitambo ya gesi ya kisasa hupoza moshi wake hadi mvuke ugeuke maji, na maji hayo hutolewa kwa bomba dogo. Bomba hilo likiganda au kuziba, mtambo hujizima. Bomba lake la kutolea moshi hupita ukutani karibu na ardhi, na theluji ikirundikana hapo hulifunika. Wakati huo hatari si mtambo kuzimika tu bali gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, kurudi ndani. Chicago ilitangulia miji mikubwa ya Marekani kulazimisha vifaa vya kutambua gesi hiyo majumbani, mwaka 1994. Kwa hiyo baada ya kila dhoruba mtu mmoja azunguke nyumba na kusafisha theluji mbele ya bomba la moshi. Na kamwe, hata umeme ukikatika siku tatu, jiko la mkaa au jenereta lisiingizwe ndani. Familia zilizozoea mkaa nyumbani Afrika, ambako madirisha yana matundu na hewa hupita, zinahitaji kuambiwa hivyo waziwazi, kwa sababu nyumba ya Chicago imezibwa.

Pingamizi la pili ni la wapangaji, nao ndio wengi miongoni mwa wageni. Husema: paa si langu, mtambo si wangu, mwenye nyumba na ahangaike. Sheria kwa kweli iko upande wao. Kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 1 Juni, mwenye nyumba anayetoa joto lazima ahakikishe nyuzi 20 kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa nne na nusu usiku, na nyuzi 19 hivi saa nyingine za usiku. Akishindwa, mpangaji hupiga simu ya mji, 311, na mji unaweza kumtoza faini kwa kila siku. Haki hiyo idaiwe bila woga. Lakini mwenye nyumba hapiki humo wala haogi humo. Hawezi kujua kona ya chumba imeanza kuota ukungu, au maji yanadondoka chini ya sinki tone moja kwa dakika, mpaka aambiwe, na akiambiwa kwa maandishi yenye tarehe na picha, mpangaji huwa na ushahidi wa kumlinda pale lawama za ukungu zitakapogeuzwa kuwa zake. Vitu vinavyosaidia sana pia ni vya bei ndogo: karatasi ya plastiki inayobandikwa kwenye fremu ya dirisha na kukazwa kwa mashine ya kukaushia nywele, taulo kuukuu la kupangusia vioo asubuhi, sinia pana la kuweka viatu, mpira wa kuziba chini ya mlango. Hakuna kati ya hivyo kinachohitaji ruhusa ya mtu.

Sasa tufike kwa hao wawili wenyewe, maana hapa ndipo hoja ya maji inapoingia ndani ya ndoa. Mgawanyo wa kazi unaojulikana ni huu: mume na beleshi nje, mtambo na mabomba ni yake, mke na jiko, nguo, bafu na sakafu. Mwanasosholojia Arlie Hochschild, katika kitabu chake cha 1989, The Second Shift, alionyesha jambo ambalo wanawake wengi walikuwa wakilijua: kazi za nyumbani za wake zilifungwa na saa, kama chakula na watoto, ilhali za waume zilikuwa zile zinazoweza kungoja Jumamosi, kama kubadili oili ya gari au kutengeneza kitu kilichovunjika. Majira ya baridi huuvuruga mpango huo kwa njia yenye manufaa. Theluji haingoji Jumamosi. Sheria imeiwekea saa. Bomba halingoji. Ghafla kazi ya mume nayo inafungwa na saa kama ya mke, na wote wawili wanaijua adha ya kazi isiyoahirishika. Na upande wa pili, kazi ya jikoni na ya kufua, iliyodharauliwa kuwa si ufundi, inaonekana kuwa ndiyo inayoamua kama ukuta utaoza. Anayefunika sufuria na kuwasha feni anaitengeneza nyumba kama anayepanda darini na sufi.

Wapo watakaosema hii ni kuipa ndoa mzigo wa elimu ya fizikia, na kwamba watu wanaofanya kazi zamu ya usiku kwenye maghala na hospitali hawana muda wa kusoma vipimo vya unyevu. Hoja ya uchovu ni ya kweli. Katika nyumba nyingi za wageni mke na mume hupishana mlangoni, mmoja akirudi mwingine akitoka, na hakuna saa ambayo wote wako macho pamoja. Lakini hali hiyo hiyo ndiyo inayofanya ugawaji wa zamani usifae. Ikiwa anayejua kufunga valvu yuko kazini kuanzia saa tano usiku, na bomba likapasuka saa nane, ujuzi wake hauna faida kwa aliyeko nyumbani. Karatasi moja iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati, yenye mahali pa valvu, namba ya fundi bomba, namba ya mwenye nyumba na saa ambazo gari haliruhusiwi kuegeshwa kwenye barabara kuu, inawafaa watu wanaopishana kuliko mazungumzo marefu wasiyoyapatia nafasi. Kuhusu gari, barabara kuu kadhaa za Chicago haziruhusu kuegesha kuanzia saa tisa usiku hadi saa moja asubuhi, tarehe 1 Desemba hadi tarehe 1 Aprili, kuwe na theluji au kusiwe. Anayetoka zamu amechoka akalisahau hilo, hulikuta gari lake limevutwa.

Machi ikifika watu huweka mabeleshi kando wakidhani kazi imekwisha, na kumbe maji mengi kuliko yote ya msimu yako njiani. Theluji ya miezi huyeyuka juu ya ardhi ambayo chini bado imeganda, kwa hiyo maji hayanyweki, hutafuta nyufa za msingi na kuingia vyumba vya chini. Mifereji ya zamani ya Chicago hubeba maji ya mvua na maji taka pamoja, na mvua kubwa ikiangukia theluji inayoyeyuka, maji hayo huweza kurudi juu kupitia tundu la sakafu. Mahandaki makubwa ya kuyahifadhi yalianza kuchimbwa mwaka 1975. Masanduku ya nguo na nyaraka za uhamiaji hayafai kukaa sakafuni huko chini. Yainuliwe juu ya rafu. Na huu ndio wakati wa kuzunguka nyumba mchana, wawili pamoja kama zamu zinaruhusu, kutazama tofali lipi limebanduka, doa lipi limejitokeza darini, mchirizi upi umeng'oka kwa uzito wa barafu. Udongo wa chokaa haushiki vizuri usiku ukiwa bado unashuka karibu na sifuri, kwa hiyo fundi wa matofali atakuja Mei au baadaye. Lakini alama za maji ukutani huonekana sasa, kabla ukuta haujakauka, na zinapaswa kupigwa picha zikiwa bado mbichi, ili fundi atakapokuja aonyeshwe maji yalipopita.